Shazia ya Mama

Kituo cha Geti,
9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla hujafika mstari huu. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, na habari ya miguu inakuja. Kifua chako kimetulia? Yale majani ya kuchemsha uliyopewa na jirani unayanywa, au unamwagia maua kama mwaka jana?

Mama, nimeshindwa mtihani. Bora nikuambie mwenyewe kuliko uambiwe na Polepole. Huyo dereva, gari la mizigo analiendesha kwa mwendo wa kinyonga, lakini habari za watu anazikimbiza.

Unajua tangu niajiriwe hapa kazi yangu ni kukata tiketi kwenye kibanda cha getini. Watu wanakuja, wanapanda mlima, wanashuka na mashavu mekundu wakisimulia waliyoyaona, na mimi nawaambia karibuni tena. Mlima wenyewe naujua kwa picha iliyobandikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Sasa nafasi moja ya askari wa doria iko wazi. Askari wa doria anazunguka mlima kwa baiskeli, anakagua njia, anatazama kama kuna moto au wakata miti. Niliiomba. Mkuu wa kituo akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema sharti ni moja kwa kila mtu: uzunguke mlima peke yako, urudi kabla ya giza ukiwa juu ya baiskeli, na usisaidiwe na mtu yeyote. "Huko juu hakuna fundi wala duka," akasema. "Fundi ni wewe, duka ni mgongo wako."

Basi nikajaza duka. Nilibeba nyundo, mama. Nilibeba spana kubwa ya gari, mikate miwili, na sweta tatu. Nilipofika katikati ya mlima mwiba ukanitoboa gurudumu la nyuma. Sikujali, maana mpira wa ndani wa akiba nilikuwa nao. Nikautoa, nikautia, haukuingia. Ule mdomo wake wa kujazia upepo ulikuwa mnene, na tundu la ringi yangu ni jembamba. Nikasema basi nitaziba pancha. Kufungua gundi, imekauka imekuwa jiwe. Nikashuka mlima mzima nikisukuma baiskeli, na nyundo mgongoni.

Mkuu alinikuta getini. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Umebeba vingi, lakini hukubeba kitu." Amenipa nafasi ya pili, mvua zikipungua. Ya tatu haipo, nafasi atampa mtu mwingine na mimi nitabaki na tiketi zangu.

Naona aibu mpaka kwenye kucha.

Kitindamimba wako


Nyumbani,
16 Februari

Kitinda,

Marahaba. Kifua kimetulia. Ulimi ndio haujatulia, kwa hiyo soma hii ukiwa umekaa. Majani nimeyanywa yote, na maua yananishangaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, ya pili nilicheka, nisamehe. Mtoto wa muuguzi wa chumba cha upasuaji anapanda mlima na mpira wa akiba ambao hajawahi kuupima kwenye gurudumu lake mwenyewe. Sikukulea hivyo. Au nilikulea hivyo, maana mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe kitindamimba nilikuchelea sana.

Sikiliza nikueleze kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Mgonjwa kabla hajaingia, mimi nimeshafungua kila kitu na kukikagua kwa mkono wangu. Vifaa havipangwi kwa ukubwa wala kwa uzuri. Vinapangwa kwa jinsi mkono utakavyoviomba. Daktari ananyoosha mkono bila kutazama, anapata anachokitaka. Na mwisho, kabla hajamshona mgonjwa, mimi nahesabu: kila mkasi, kila pamba, kila sindano. Awe na haraka ya namna gani, awe bingwa wa mabingwa, hafungi tumbo la mtu mpaka asikie sauti yangu ikisema, "Hesabu imetimia."

Sasa Polepole atakuletea mkoba. Nimeushona mwenyewe kwa turubai la lile hema la kaka yako, asiulize. Unaukunjua chini kama mkeka na kila kitu kina mfuko wake. Anza kushoto: vijiti vya kung'olea tairi, kisha mpira wa akiba. Nilikwenda kwa fundi baiskeli wa hapa mtaani nikamwambia mdomo mwembamba, akanipa mnene, nikamrudishia, akanipa mwembamba. Halafu viraka na gundi mpya. Pampu. Spana ndogo za umbo la L. Kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo kimoja cha kuuunganishia. Utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Upande wa kulia ni wa mwili wako: bandeji, filimbi, pakiti ya sukari na chumvi ya kutia kwenye maji, karanga. Nyundo mrudishie mwenyewe.

Mfuko wa mwisho kabisa una shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa viatu uliopakwa nta. Usicheke. Chochote kinachochanika hushonwa. Na ukishona, kila mshono upe fundo lake, ili mmoja ukikatika wengine wabaki.

Kila siku funga macho kwa kitambaa, ukunjue mkoba, utoe gurudumu, ubadili mpira, urudishe. Asiyejua kukitumia alichobeba, amebeba mzigo tu.

Mama yako


Kituo cha Geti,
2 Machi

Mama,

Shikamoo tena na tena. Mkoba umefika, na Polepole hakuupekua, au kama aliupekua aliupanga vizuri. Mimi ni mzima. Mvua huku haijui kuaga. Wewe unaendeleaje, na macho? Katika barua yako mistari ilikuwa inapanda juu kama inataka kuja nayo mlimani.

Nafanya mazoezi ulivyosema. Wageni wakiwa hawapo nakaa sakafuni mwa kibanda, nimefunga macho, baiskeli imelala mbele yangu miguu juu. Juzi nimo katika kupapasa vijiti, nasikia mtu dirishani anamwuliza mwenzake, "Huyu anauza tiketi au ni mganga?" Nikawaambia subirini mpira uingie. Wakasubiri. Ulipoingia walipiga makofi, wakalipa kiingilio na kicheko juu yake.

Siku za kwanza nilikuwa najibana vidole na kutukana, nisamehe. Sasa mkono unakwenda wenyewe. Mnyororo nao nimeukata na kuuunga mpaka Mkuu akaniambia niuache upumzike. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Jioni alinitumia kopo la mafuta ya mnyororo.

Kuna jambo moja nataka usinikasirikie. Kwenye mpando kila kitu kidogo ni kizito, na nimeamua kupunguza. Sweta nimebakiza moja, mikate nimeacha. Na shazia nakurudishia pamoja na uzi wake, ziko ndani ya bahasha hii. Nakwenda kuzunguka mlima, mama, siendi kushona magunia. Viraka vipo, mpira upo, utepe upo. Sindano sitaihitaji.

Kitindamimba wako


Nyumbani,
9 Machi

Kitinda,

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo. Macho ndiyo hayo, uzee haupigi hodi. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ndogo ni kazi ya asubuhi nzima.

Shazia imefika na uzi umefika. Sawa. Wewe ndiye mpandaji, wewe ndiye unayejua.

Mkuu wako msikilize, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mafuta ya mnyororo upake kidogo, mengi yanakamata mchanga.

Mama yako


Kituo cha Geti,
23 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma nione kama kuna nyingine. Umenikasirikia, sivyo? Sema tu. Nimekuzoea ukisema, ukinyamaza naogopa.

Mvua zimepungua na Mkuu ametaja siku: tarehe 6 Aprili. Mwingine anayeitaka nafasi hii amekuja kutoka kituo cha upande wa pili. Ni kijana wa watu, mpole, miguu kama nguzo. Ananisalimia kwa heshima, na mimi naitika huku naitazama miguu yake. Nikishindwa mimi, yeye anapanda siku inayofuata.

Naomba msaada mmoja. Mkoba wako ni mzuri, lakini zile kamba za kuufungia ulizifunga fundo la hospitali, na mimi nimelizoea hilohilo. Alfajiri moja nilipanda kidogo kujaribu, vidole vikafa ganzi kwa baridi, nikashindwa kulifungua. Nilitumia meno. Nautuma kwa Polepole, tafadhali uondoe kamba utie kifungo kimoja kikubwa. Vitu vyenyewe nimebaki navyo huku. Najua macho yanakusumbua. Ukimwona fundi cherehani mpe yeye, usijitese.

Usiku huu nimeota nimefika ukingoni juu kabisa. Sijui kama kweli mji unaonekana kutoka huko. Wanaorudi wanasema unaonekana.

Kitindamimba wako


Nyumbani,
3 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Sikukukasirikia. Mtu akizeeka maneno yanapungua, hata ya kwangu.

Mkoba huu hapa. Fundi cherehani sikumpa. Kifungo nimekitia mwenyewe, ni kile kikubwa cha koti la marehemu baba yako. Polepole anapiga honi nje, kwa hiyo kama kuna mahali sikumalizia utanisamehe, macho ndiyo haya. Usiguse wala usikate nyuzi zinazoning'inia, usije ukafumua kazi yote. Uufunge hivyohivyo uende nao.

Kula kabla ya kuona njaa, kunywa kabla ya kuona kiu. Ukifika juu kabisa tazama upande wa mji. Bati letu ni lile jekundu lililo karibu na tangi la maji. Mimi nitakuwa uani.

Mama yako


Nyumbani,
13 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Siku hizi nauliza ukutani, maana wewe hujibu.

Polepole amepita leo. Nimemkimbilia barabarani na kandambili moja mguuni. Hana barua yako. Nikamwuliza, umemwona? Akasema hakukuona. Nikamwuliza, kibandani kuna nani? Akasema kuna mtu mwingine anakata tiketi, hakumwuliza kitu kwa sababu magunia ya viazi yalikuwa yanaharibika. Viazi, Kitinda. Nilitamani nimpige kwa ile kandambili.

Sijalala vizuri. Nimejiambia umeumia, kisha nikajiambia ungeumia wangeniletea habari. Nimejiambia umeshindwa na umeona haya kuniandikia, ukaacha kazi ukaenda usikojulikana. Kama ni hilo, sikiliza: hujanikosea kitu. Nilikuzaa kabla ya mlima. Rudi nyumbani, chumba chako nimekifagia.

Kama ni jingine, niandikie hata neno moja.

Mama yako


Kituo cha Juu,
20 Aprili

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo mara nyingi kadiri ya mawe ya huku. Mimi ni mzima wa mwili na roho. Barua yako imenifikia jana, imebebwa mfukoni na askari mwenzangu, kwa sababu gari la mizigo halifiki huku. Soma tena juu nilipoandika mahali. Sikukuandikia kwa sababu siku moja tu baada ya mtihani nilipandishwa huku juu, na huku hakuna hata wa kumpa barua. Na mtu ambaye Polepole alimwona kibandani ndiye yule kijana mwenye miguu kama nguzo. Amechukua kiti changu.

Nimeshinda, mama. Ngoja nikusimulie kwa taratibu, nisimeze utamu wote kwa mkupuo.

Mkoba wako ulinifikia usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nilipouona niliguna. Kifungo cha baba kilikuwa kinaning'inia kwa mshono mmoja, shazia ileile niliyokurudishia imechomekwa kando yake kwenye turubai, na ule uzi wa viatu, mrefu, umezungushwa juu yake. Nikasema masikini mama, amezeeka. Kifungo gani kinashonwa kwa shazia na uzi wa viatu? Nikaona umetumia sindano yenye tundu kubwa kwa sababu ya macho, Polepole akapiga honi, ukaisahau humohumo. Nilitaka kuichomoa niiache. Nikakumbuka ulivyosema nisifumue kazi. Nikafunga mkoba hivyohivyo nikalala.

Asubuhi Mkuu alinifungulia geti. Nilipanda vizuri, sikukimbilia kitu. Nilikula kabla ya njaa kama ulivyosema. Pale mwiba uliponitoboa mara ya kwanza nilipita nikiimba.

Karibu na ukingo wa juu kuna mawe meusi yaliyosimama kama vyuma. Nilipita kati yake, nikasikia mlio kama mtu anachana kanga mpya. Gurudumu la mbele likalala. Nikashuka, nikakunjua mkoba. Sikufunga macho, lakini ningeweza. Tairi likatoka, mpira wa zamani ukatoka umepasuka, mpya ukaingia na mdomo wake mwembamba ukapita tunduni bila kuulizwa. Nikasema moyoni, umekwisha, mlima.

Nikaanza kupampu. Mama, tairi lenyewe lilikuwa limechanika ubavuni, mwanya wa kuingiza kidole. Kila nikijaza upepo, mpira ulikuwa unachungulia nje kama ulimi wa mtoto mtundu. Ningeongeza kidogo tu ungepasuka, na sikuwa na mwingine. Nikajaribu utepe mweusi, ukabanduka. Kiraka hakikushika. Nikakaa chini. Niliona kile kibanda, lile dirisha, ile picha ukutani, na mimi nimekaa mbele yake mpaka nizeeke. Nililia, sikufichi. Nililia huku nimeshika mkoba wako, na kitu kikanichoma kidoleni.

Nilicheka peke yangu mpaka ndege wakaruka.

Nikakata uzi wa kifungo kwa meno, nikatoa tena tairi na mpira wake, nikashona tairi. Shazia ilipita kwenye ule ubavu mgumu kana kwamba imezaliwa kwa kazi hiyo. Kila mshono niliupa fundo lake. Ule mpira uliopasuka nikaukata kipande kwa ncha ya jiwe, nikakikunja nikakitia ndani nyuma ya mshono kama bandeji. Nikajaza upepo taratibu, nimegeuza uso pembeni. Mpira haukuchungulia tena. Mkoba nikaufunga kwa utepe mweusi, na kifungo cha baba nikakitia kinywani, sijui kwa nini, nikaenda nacho hivyo mpaka ukingoni.

Mji unaonekana, mama. Tangi la maji nimeliona, na kando yake doa jekundu. Nilisimama nikapunga mkono kama mwendawazimu.

Kwenye mteremko mnyororo ulikatika. Huo hata sihesabu, niliuunga kabla sijamaliza kulalamika. Nilipofika getini jua lilikuwa bado limekaa juu ya bati la kibanda, na mimi nilikuwa juu ya baiskeli. Wenzangu walitoka wote. Kijana wa miguu alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na nampenda tangu hapo.

Mkuu hakupiga makofi. Aliinama akakagua baiskeli kama mnunuzi. Alipofika gurudumu la mbele akapitisha kidole gumba juu ya mishono, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

"Nani kashona hii?"

"Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

Akainuka, akasema, "Kesho kibandani atakaa mtu mwingine."

Kwa hiyo nakushukuru kwa yote, kwa turubai, kwa viraka, kwa kunifunga macho. Lakini zaidi ya yote nakushukuru kwa usahaulifu wako. Mungu aubariki uzee wako na macho yako mabovu. Usingeisahau ile sindano, leo ningekuwa nakata tiketi. Nikipata ruhusa nakuja kukupeleka kwa daktari wa macho.

Kitindamimba wako,
askari wa doria


Nyumbani,
27 Aprili

Askari wangu wa doria,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma uani kwa sauti, jirani ameisikia, na Polepole nimemsomea kwa lazima injini ikiwa imezimwa. Kaka yako amesema hema lilikuwa lake, kwa hiyo ushindi nusu ni wake. Mwache afurahi. Mimi tangu juzi natembea mtaani na shingo ndefu, watu wanadhani nimepata ugonjwa mwingine.

Siku ile nilikuwa uani tangu asubuhi. Nilipunga mkono na mimi, nikaona kama nimechelewa, nikapunga tena. Kifungo cha baba yako kaa nacho.

Kwa daktari wa macho usijisumbue. Kutoka hapa nilipokaa naona kunguru aliye juu ya tangi la maji, naona na alichoiba. Nilijua nikikubishia juu ya shazia utaiacha makusudi, kwa sababu ubishi umeurithi kwangu. Mtoto mbishi hapewi ushauri, anashonewa kifungo.

Na lile neno la usahaulifu naomba ulifute. Nimesimama chumba cha upasuaji ujana wangu wote na nusu ya uzee, na mikononi mwangu haijawahi kusahauliwa sindano hata moja. Ukifika mjini usinirudishie shazia. Hesabu imetimia.

Mama yako